Nukta ya kilengeo imefifia ingawa betri ni mpya

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wilayani Nachingwea, na ninamiliki kihalali raifo ambayo huitumia kwa uwindaji wa wenyeji kila ninapopata kibali. Bunduki hiyo imefungwa kilengeo cha nukta nyekundu cha aina ya bomba, kinachotumia betri moja ya CR2032. Kwa muda mrefu sikuona kasoro yoyote, lakini tangu mwezi wa Agosti nukta imekuwa hafifu. Nikiwa chumbani naiona vizuri, ila nikitoka nje wakati wa jua la mchana inapotea kabisa, hata nikizungusha swichi ya mwanga hadi mwisho. Nimekwisha kubadilisha betri zaidi ya mara moja. Linalonishangaza ni kwamba nikikigonga kilengeo kwa kidole, nukta hung'aa kwa sekunde moja au mbili, kisha hufifia tena. Bunduki huifungia kwenye kasha la chuma lililomo ndani ya stoo, ambamo pia huweka mifuko ya salfa na mashine ya kupulizia mikorosho. Fundi mmoja ameniambia kwamba taa ya ndani imekufa na kwamba sina budi kununua kilengeo kingine. Je, ni kweli?
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Ndugu msomaji wa Nachingwea, usinunue kilengeo kingine kwanza. Barua yako ina mambo mawili ambayo fundi wako angeyazingatia asingetoa hukumu haraka namna hiyo: nukta hung'aa unapokigonga, na bunduki hulala chumba kimoja na salfa. Taa iliyochakaa haipati nguvu kwa kugongwa kidole. Kinachopata nafuu kwa kugongwa ni njia ya umeme iliyolegea au iliyochafuka, na mimi naamini njia hiyo ndiyo iliyokuharibikia.

Ili tuelewane, ni vema kueleza kwa ufupi kilivyoundwa chombo hiki. Wazo lake si jipya, kwani Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, Ayalandi, alikwisha kulieleza mwaka 1900, ingawa cha kwanza kutumia umeme kwa namna tunayoifahamu leo kilitolewa na kampuni ya Aimpoint ya Uswidi mwaka 1975. Ndani ya bomba, pembeni kidogo, kuna kitaa cha LED kinachomulika kuelekea kioo cha mbele. Kioo hicho kimepakwa utando mwembamba sana unaorudisha rangi nyekundu peke yake na kuziachia rangi nyingine zipite, ndiyo maana ukichungulia ndani utaona mandhari imeingia ubuluu au ukijani kidogo. Nukta unayoiona haiendi kwa mnyama wala haitui popote. Ni mwanga uliorudishwa na kioo kwenye jicho lako. Kwa hiyo nukta ikififia, sababu zinaweza kuwa nne tu: umeme haukifikii kitaa kwa nguvu inayotakiwa, kitaa chenyewe kimechoka, vioo vimezuia mwanga, au jicho na mazingira ndiyo yaliyobadilika. Kitaa kuchoka ni nadra kuliko zote. LED hutumia umeme kidogo mno, na vilengeo vingi vya siku hizi huweza kuwaka maelfu ya saa kwa betri moja vikiwekwa mwanga wa kati.

Kabla hujagusa chochote, ondoa magazini, fungua bolti, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Risasi zote ziwekwe chumba kingine kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Jambo hili nalisema kwanza kwa sababu mtu anayetengeneza kilengeo huelekeza akili yake yote kwenye kilengeo na kuisahau bunduki iliyo chini yake.

Sasa tuje kwenye salfa. Wakulima wa Mtwara na Lindi huipuliza mikorosho kwa salfa ya unga ili kuikinga na ugonjwa wa ubwiri unga, hasa kati ya Juni na Septemba mikorosho inapochipua na kutoa maua, na kila aliyewahi kukaa kijijini miezi hiyo anajua jinsi unga ule unavyopenya hadi ndani ya masanduku ya nguo. Salfa ina tabia ya kuungana na shaba na fedha na kuziachia gamba jeusi, na unyevu wa hewa huongeza kasi ya kazi hiyo. Vishikio vya betri katika vilengeo vingi ni vya shaba au mchanganyiko wake, vikiwa vimepakwa dhahabu nyembamba au nikeli juu. Mahali utando huo ulipokwanguka kwa kufungua na kufunga kifuniko mara kwa mara, shaba hubaki wazi, na gamba jeusi huanzia hapo. Gamba hilo hupitisha umeme kwa shida. Umeme kidogo wa kuwasha nukta chumbani utapita, lakini unapozungusha swichi hadi mwisho, kitaa kinapodai umeme mwingi zaidi, gamba linakataa. Ndiyo maana nukta yako inatosha gizani na haitoshi juani, na ndiyo maana betri mpya haikuleta tofauti.

Chukua kilengeo mahali penye mwanga mzuri, fungua kifuniko cha betri na ukiangalie kwa makini, ikiwezekana kwa lenzi ya kukuzia. Tazama kitako cha ndani ya kifuniko, tazama kidole cha chuma au springi iliyoko chini ya betri, kisha tazama hesi, yaani mifereji ya kuzungushia kama ya skrubu, za kifuniko na za mdomo wa tundu lake. Watu wengi husafisha sehemu mbili za kwanza na kuziacha hesi, ilhali katika vilengeo vingi vya bomba kifuniko chenyewe ni sehemu ya njia ya umeme: upande mmoja wa betri hugusa kifuniko, na kifuniko hupeleka umeme kwenye mwili wa kilengeo kupitia hesi hizo hizo. Ukiona weusi, rangi ya kijani, au unga wa manjano uliogandamana na grisi, umekwisha kumpata mwizi wako.

Usafishaji wake hauhitaji nguvu. Funga kipande cha pamba kwenye kijiti, ukiloweshe kidogo kwa spiriti ile ya kusafishia vidonda, na ufute polepole ukibadilisha pamba kila inapochafuka, hadi itoke nyeupe. Gamba lililokataa spiriti lisugue taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha upulize vumbi la raba lisibaki ndani. Usitumie msasa, wembe wala brashi ya waya, kwa sababu utando wa dhahabu ni mwembamba mno, na ukishauondoa gamba litarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Usipulizie dawa za kulegeza kutu wala petroli ndani ya tundu, kwani husambaa hadi kwenye vioo na huharibu oringi, yaani mpira wa duara unaozuia maji. Ukimaliza, acha kifuniko wazi kwa robo saa ili spiriti iishe, paka oringi grisi ya silikoni kiasi cha kuifanya ing'ae tu, kisha rudisha betri na uhakikishe alama ya jumlisha inatazama upande ulioelekezwa.

Springi nayo iangalie. Iliyolala kwa uzee haiisukumi betri ipasavyo, na kila bunduki inapopiga teke, betri huruka kidogo na kuacha nafasi. Unaweza kuiinua kidogo kwa ncha ya kijiti cha mbao, kidogo sana, kwa maana kidole kilichokunjwa mara nyingi huvunjika na hapo ndipo gharama huanza.

Kuhusu betri zenyewe, nakuomba usome maandishi yaliyo juu yake. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Iko nyingine, CR2025, yenye kipenyo hicho hicho na volti 3 zile zile, lakini unene wake ni milimita 2.5. Muuzaji asiye na CR2032 huweza kukupa hiyo kwa nia njema kabisa, nayo itaingia na nukta itawaka, ila haitabanwa vizuri. Dalili yake inafanana na ya kwako: ukigonga inang'aa, ukiacha inafifia. Wapo pia wanaopachika CR2016 mbili moja juu ya nyingine kwa kuwa unene unalingana na CR2032 moja. Hilo ni kosa la hatari, kwa sababu betri mbili zilizopangana hutoa volti 6 na zinaweza kuunguza saketi. Aidha, baadhi ya betri za kiwandani hupakwa dawa chungu ili mtoto akiweka mdomoni aiteme, na dawa hiyo wakati mwingine huzuia mguso mzuri kwenye vifaa vidogo. Kama betri yako ni ya aina hiyo, ifute kwa spiriti kabla ya kuiweka, na uitunze mbali na watoto hata hivyo, kwa maana betri ya namna hii ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Kupima betri kwa mita peke yake hudanganya. Betri ya lithiamu hushikilia volti zake karibu na 3 kwa muda mrefu wa maisha yake, kisha huporomoka ghafla mwishoni, na hata iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haijabebeshwa kazi. Mpelekee fundi redio, umwombe aipime huku ameiunganisha na rezista ya omu 470. Betri nzima itabaki karibu na volti 3. Iliyochoka, au iliyokaa dukani miaka mingi kwenye joto, itaanza kushuka mbele ya macho yenu. Fundi huyo huyo anaweza kukupimia ukinzani kati ya kifuniko kilichofungwa na sehemu ya mwili wa kilengeo ambako rangi imekwanguka. Ikiwa kilengeo chako ni cha aina inayopitisha umeme kwenye kifuniko, mita inapaswa kuonyesha karibu sifuri, na ikionyesha makumi ya omu, hesi bado chafu. Kwa kazi hii mpelekee kilengeo peke yake. Bunduki ibaki kwenye kasha lake, kwa kuwa fundi redio hana leseni ya kushika silaha yako na wewe huna ruhusa ya kumwachia.

Tuseme umesafisha yote, betri ni nzima, mita inaonyesha sifuri, na bado nukta hung'aa kwa kugongwa. Hapo shaka yangu ingehamia kwenye swichi ya kuzungusha, ambayo ndani yake ina vigusio vidogo vinavyopatwa na gamba kama lile lile. Zima, kisha uizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi au kumi na tano, kwani mara nyingi msuguano huo hutosha kuvisafisha. Ikishindikana, huenda kiungo cha risasi ya kuchomelea kimepata ufa kwa sababu ya teke la bunduki, na hiyo ni kazi ya kiwanda au wakala wake, kwa maana vilengeo vingi hujazwa gesi kavu ya naitrojeni na kuzibwa, na kikifunguliwa mezani pa fundi wa kawaida hakizibiki tena kama kilivyokuwa.

Lipo jaribio moja zaidi ambalo ningekushauri ulifanye hata kama usafi umeleta nafuu. Simama juani, si kivulini, na uelekeze kilengeo kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Jua la utosi la huku kwetu hufikia lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, wakati chini ya mkorosho uliofunga majani mwanga ni sehemu ndogo tu ya hapo. Nukta yoyote huonekana dhaifu mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua. Lakini kilengeo kizima, kikiwa kimewekwa mwanga wa mwisho, nukta yake lazima ionekane hata hapo. Angalia pia kwamba hujabaki kwenye ngazi za chini kabisa za swichi, kwa sababu vilengeo vingine vina ngazi mbili au zaidi zilizotengwa kwa ajili ya vifaa vya kuonea usiku, na jicho tupu halizioni kabisa au huziona kwa taabu. Na kama chako ni cha aina inayojirekebisha mwanga yenyewe, fahamu kwamba kihisio chake husoma mwanga wa mahali ulipo wewe, si wa mahali unapolenga. Mtu aliyeketi kivulini akitazama mbuga iliyo juani atapewa nukta ya kivulini. Kihisio hicho kikifunikwa na vumbi la salfa, hali huwa mbaya zaidi.

Ikiwa ili kuifikia betri ilikubidi ukifungue kilengeo kutoka kwenye reli yake, usiende nacho kuwinda kabla ya kukipima upya kwenye uwanja ulioruhusiwa. Kabla ya kufungua, weka alama ya rangi ya kucha inayovuka skrubu na reli, ili ujue skrubu ilikuwa imefika wapi. Hata hivyo alama hiyo haichukui nafasi ya kupima kwa risasi.

La mwisho kwako ni stoo. Nakusihi uihamishe salfa leo kuliko kesho, au uhamishe kasha. Usiishie kwenye kilengeo tu, kwa maana salfa ikikutana na unyevu hula pia chuma cha mtutu na bolti, na ukifuta mafuta ya bunduki kwa kitambaa cheupe ukakuta umanjano, utaelewa ninalolisema. Ndani ya kasha weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na uviangalie kila mwezi wakati wa mvua. Kama bunduki itakaa muda mrefu bila kazi, ondoa betri.

SWALI: Ninaishi Mikindani, nina umri wa miaka sitini na kitu, na nimekuwa mmiliki wa silaha kwa miaka mingi. Nukta ya kilengeo changu haijafifia tu, bali imetawanyika, ina mikia kama nyota, na nikiongeza mwanga mikia inazidi. Nimesafisha vioo sana kwa kitambaa bila mafanikio. Je, kioo kimeharibika?
Mzee wa Mikindani, Mtwara

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Kwanza naomba usikisugue tena kioo hicho hadi tupate uhakika, kwa sababu utando unaorudisha nyekundu ukikwanguliwa na chembe za mchanga zilizomo kwenye kitambaa, nukta itafifia moja kwa moja na hakuna usafi utakaoirudisha. Vumbi la pwani lina chumvi na mchanga ndani yake. Lipulizwe kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kioo kifutwe kwa kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo.

Baada ya hapo fanya jaribio hili. Bunduki ikiwa tupu na imelazwa salama mezani, piga picha ya nukta kwa simu kupitia nyuma ya kilengeo. Ikiwa kwenye picha nukta ni duara safi na kwa jicho lako ina mikia, kilengeo hakina kosa. Jicho ndilo lenye astigmati, yaani sehemu ya mbele ya jicho haina mviringo sawa pande zote, na mwanga mdogo mkali huonekana umechanika. Hali hiyo ni ya kawaida sana na hurekebishwa kwa miwani iliyopimwa. Ukizungusha kichwa ukaona mikia nayo inazunguka pamoja nawe, huo ni ushahidi wa pili. Nenda kapimwe macho na umweleze mpimaji unachokiona, kwa maana katika umri wako mtoto wa jicho naye hufifisha mwanga na kuutawanya, na huyo hahitaji kusubiriwa.

Kwa sasa punguza mwanga badala ya kuuongeza. Nukta ya dakika 2 za pembe, kipimo kinachotumika kutaja ukubwa wa nukta, hufunika kama milimita 58 kwa umbali wa mita 100, lakini ikiwaka kupita kiasi huonekana kubwa kuliko hapo hata kwa jicho zima. Na kama huvaa miwani ya jua yenye kioo cha kijani au cha bluu, ivue kabla ya kulaumu kilengeo, kwa kuwa rangi hizo humeza nyekundu. Wapo pia watu, wengi wao wanaume, ambao tangu kuzaliwa kwao huiona nyekundu kwa udhaifu. Hao husaidiwa zaidi na kilengeo chenye nukta ya kijani.

SWALI: Kilengeo changu kina ukungu na nukta inaonekana kama iko nyuma ya moshi. Hutokea zaidi tukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Nifanyeje?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Futa kioo cha nje kwa kidole kilichofunikwa kitambaa laini. Ukungu ukiondoka, ni hewa yenye unyevu iliyogusa kioo baridi, na dawa yake ni kukiacha kilengeo kipate joto la nje kwa dakika kumi au ishirini kabla ya kukitumia. Ukibaki, uko ndani, na maana yake ni kwamba mahali pamoja pameanza kuvuja, mara nyingi oringi ya kifuniko cha betri au ya vikofia vya skrubu za kurekebisha shabaha. Kukianika juani au kukiweka ndani ya mchele huondoa ukungu wa siku hiyo tu, na joto kali huweza kulegeza gundi ya vioo. Badilisha oringi zinazofikika. Ukungu ukirudi, kifungue kutoka kwenye bunduki, toa betri, ukifungashe peke yake pamoja na karatasi inayoeleza tatizo na nakala ya risiti, kisha ukipeleke kwa wakala aliyekuuzia ili kikajazwe naitrojeni upya na kuzibwa.